Je, Wajua? Urea Ile Ile, Mbegu Tofauti

Je, wajua kwamba juu ya kila ekari moja ya mpunga, kuanzia usawa wa maji ya jaruba hadi huko juu hewa inakoishia, mna takriban tani 31,000 za naitrojeni? Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78. Mpunga unasimama ndani ya utajiri huo huku majani yake yakigeuka manjano kwa kuukosa, kwa sababu chembe za naitrojeni ya hewani zimeshikana mbili mbili kwa nguvu ambayo mmea hauwezi kuivunja. Mwenye shamba anaishia dukani, akinunua mifuko miwili ya urea.

Na mifuko hiyo miwili ina nini? Urea ina naitrojeni kwa asilimia 46, kwa hiyo kilo 100 zinakupa kilo 46 kwa ekari, sawa na kilo 114 hivi kwa hekta. Ishike namba hiyo, tutaihitaji chini. Mbolea ya aina ya SA ina asilimia 21 tu, na ile ya CAN 26 hivi. Anayelinganisha bei ya mfuko kwa mfuko bila kusoma namba iliyochapishwa ubavuni anajipunja mwenyewe.

Urea hiyo ndiyo ile ile iliyomo kwenye mkojo. Mwaka 1828 mwanakemia wa Kijerumani, Friedrich Wöhler, aliitengeneza maabara bila kuhitaji figo ya mtu wala ya mnyama, wakati wataalamu wengi wakiamini kitu cha namna hiyo hakitoki ila kwenye kiumbe hai. Kuikamata naitrojeni ya hewani kwa wingi kulichukua miaka 80 zaidi: Fritz Haber alionyesha njia mwaka 1909, naye Carl Bosch wa kampuni ya BASF akaigeuza kuwa kiwanda huko Oppau, Ujerumani, mwaka 1913.

Je, wajua kwa nini vita vya mbali vinapandisha gharama ya jaruba la Mbarali, Tanzania? Amonia inayozaa urea inahitaji hidrojeni, na hidrojeni hiyo hutolewa zaidi kwenye gesi asilia. Gesi ikipanda, urea inaifuata. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, bei zilipaa kiasi kwamba ruzuku ya mbolea ya Tanzania ilizinduliwa Agosti mwaka huo huo, kwenye viwanja vya Nane Nane Mbeya. Nchi hiyo iliwahi kuwa na kiwanda chake cha mbolea Tanga, kilichofanya kazi kuanzia 1972 hadi 1991. Leo gesi ya Songo Songo inafua umeme wa Dar es Salaam, na urea ingali inashushwa bandarini kutoka nje. Mwenye majibu ya hilo ayatoe.

Twende jarubani.

Je, wajua kwamba kwa kipimo kile kile cha urea, mbegu moja inaweza kukupa mpunga na nyingine ikakupa mabua? Mpunga mrefu ukishiba naitrojeni huzidi kurefuka. Pingili za chini hunyooka na kulainika, majani hupinda na kutiliana kivuli. Kisha suke linajaa. Bua linalofika kifuani likibeba suke zito ni kama ndoo ya maji iliyotundikwa kwenye ncha ya ufito. Mvua moja ya jioni yenye upepo, shamba limelala. Masuke yamo majini, punje zinaanza kuota zikiwa bado kwenye suke, na panya wanakula wameketi. Ndiyo maana kwa mbegu ndefu nyingi, ukiongeza urea kupita kiasi fulani mavuno hayasimami palepale tu, yanashuka.

Kero hiyo ndiyo iliyozaa IR8. Mwaka 1962, huko Los Baños, Ufilipino, kwenye Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, IRRI, Peter Jennings aliwachavusha wazazi wa mpunga kwa jozi 38. Jozi ya nane ilikuwa Peta, mpunga mrefu wenye nguvu kutoka Indonesia, na Dee-geo-woo-gen, mfupi kutoka Taiwan. Kizazi cha kwanza kilitoka kirefu chote. Cha pili, karibu robo ya mimea ikawa mifupi, dalili kwamba ufupi ule unaongozwa na jeni moja tu, tena jeni linalojificha. Kwa mzalishaji wa mbegu hiyo ni bahati kubwa. Sifa inayoongozwa na jeni moja hushikika upesi. Mstari wa 288, mmea wa tatu, ndio uliochaguliwa, na jina lake kamili likawa IR8-288-3. Ulitolewa kwa wakulima Novemba 1966.

Sasa ile namba yetu ya kilo 114. S. K. De Datta, mtaalamu wa kilimo wa IRRI, alipoijaribu IR8 kwa vipimo tofauti vya naitrojeni, kwenye kilo 120 kwa hekta ilitoa zaidi ya tani 9. Hiyo ni karibu gunia 38 za kilo mia kwa ekari, kwa urea inayozidi kidogo tu mifuko yetu miwili. Peta, kwa chakula kama hicho, ililala.

Hapa pana jambo ambalo wasimulizi wengi wa hadithi ya IR8 hulipita haraka: bila naitrojeni yoyote ya mfuko, mbegu hiyo hiyo ilitoa tani 5 hivi. Udongo ulikuwa mzuri na maji hayakukatika, kweli, lakini zaidi ya nusu ya mavuno yale ya “muujiza” ilikuwa imeshasimama shambani kabla mtu hajatia mkono kwenye mfuko. Ufupi wa bua ulibadilisha mgawo. Katika mpunga mrefu wa zamani, kila kilo 10 za mmea mkavu juu ya ardhi hutoa kama kilo 3 za nafaka. Katika IR8, karibu kilo 5.

Je, wajua kwamba huko Vietnam IR8 iliitwa mpunga wa Honda, kwa kuwa mavuno mazuri yaliweza kumnunulia mkulima pikipiki? Na kwamba mkulima mmoja wa Tamil Nadu, India, alimpa mwanawe jina la mbegu hiyo? Wala si kwamba ilikuwa tamu. Punje zake zilikuwa na weupe wa chaki, zilikatika mashineni, na wali wake ukipoa ulikuwa mgumu. Watu walimpa mtoto jina la mavuno.

Kwetu mgogoro huo wa utamu na mavuno una majina ya nyumbani. Mbegu ya Supa ni ndefu, inanukia, na sokoni haibembelezi mnunuzi. SARO 5, ambayo kwenye vitabu ni TXD 306, ilitolewa Tanzania mwaka 2002. Ni fupi kuliko Supa, harufu yake ni ya wastani, na urea inaipokea kwa mikono miwili. Mwea, Kenya, wana Pishori yao, yaani Basmati 370, mbegu iliyotoka Punjab mwaka 1933, na wana aina fupi kama BW 196 zinazozaa zaidi kwa ekari lakini hazinukii. Pishori ikizidishiwa naitrojeni hulala, na ugonjwa huishika kirahisi.

Nimewasikia mabwana shamba wakiwalaumu wakulima wa Supa kwa kuwa wabahili wa mbolea. Naona wanawaonea. Mtu ambaye mpunga wake umeshalala mara moja kwa sababu ya mfuko wa pili ana haki ya kuuogopa mfuko wa pili. Kipimo cha SARO 5 kikihubiriwa kijiji kizima bila kuuliza kila mtu amepanda nini, kosa liko kwa mhubiri.

Je, wajua kwamba mpunga hushika mimba kwa kalenda ya mbegu yake? Katika nchi za joto, tangu suke linapoanza kujiumba ndani ya bua hadi kuchanua ni kama siku 35, na tangu kuchanua hadi kuvuna ni kama siku 30. Siku hizo 65 hazitofautiani sana kati ya mbegu na mbegu. Kinachotofautiana ni kipindi cha mwanzo, cha majani na machipukizi. Kwa hiyo mbegu ya siku 120 huanza kuumba suke kama siku ya 55 tangu kusiwa. Ya siku 150 huanza siku ya 85 hivi. Ni mwezi mzima wa tofauti, na urea ya pili inatakiwa iingie karibu na hapo. Anayetia kwa sababu jirani ametia, naye amepanda mbegu nyingine, anaweza kuwa analisha majani.

Namna ya kuona mwenyewe ni rahisi. Ng'oa shina moja, chagua bua nene kuliko yote, lipasue kwa wembe kuanzia chini kwenda juu. Juu kidogo ya pingili ya mwisho tafuta kitu cheupe chenye manyoya laini, urefu wake milimita moja au mbili, kama ncha ya uzi uliochambuka. Hilo ndilo suke. Kama hulioni, subiri siku chache upasue jingine. Kama limeshafika urefu wa kidole, umechelewa. Idadi ya punje imeshapangwa.

Kwani naitrojeni huongeza nini hasa? Si ukubwa wa punje. Ganda la mpunga hujengwa kabla nafaka haijajaa ndani yake, na punje haiwezi kulizidi ganda lake. Ndiyo maana uzito wa punje 1,000 wa mbegu moja haubadiliki sana, uwe na mbolea au usiwe nayo. Naitrojeni ya mapema huongeza machipukizi, na kwa hiyo idadi ya masuke. Ya wakati wa mimba huongeza punje kwenye suke. Ikizidi, machipukizi huwa mengi kuliko uwezo wa mmea, mengine hufa bila kuzaa, na masuke hubeba mapepe.

Je, wajua kwamba saa sita mchana ndiyo saa ambayo urea iliyomwagwa kwenye maji hupotea zaidi? Chota maji ya jaruba asubuhi kwa kopo, chota tena adhuhuri. Kwa macho ni yale yale. Lakini kadiri jua linavyopanda, mwani wa kijani uliomo humo hufyonza hewa ya ukaa iliyoyeyuka majini, na maji, ambayo alfajiri hayakuwa na ukali wowote, hugeuka kuwa ya magadi kupita kiasi. Kipimo cha pH hupanda kutoka 7 hadi 9 na zaidi. Urea iliyomwagwa juu imeshaanza kuvunjika kuwa amonia ndani ya siku chache, na katika maji ya magadi amonia hugeuka gesi na kuondoka na upepo. Usiku pH inashuka, kesho mchezo unaanza upya.

Ukipunguza maji kwanza hadi tope lionekane, ukatia urea, ukaichanganya na tope wakati wa palizi, kisha ukarudisha maji, sehemu kubwa ya hasara hiyo unaiepuka. Na ziba mdomo wa jaruba. Urea inayotoka na maji inamlisha jirani wa chini, ambaye hatakushukuru kwa kuwa hajui.

Chini ya maji kuna mwizi wa pili. Tope la jaruba lina tabaka mbili: la juu kabisa, jembamba la milimita chache, lina oksijeni na rangi ya kahawia, la chini yake ni la kijivu na halina oksijeni. Amonia ikikaa tabaka la juu, bakteria huigeuza nitrati. Nitrati ikizama tabaka la chini, bakteria wengine huivuta oksijeni yake na kuirudisha naitrojeni hewani, kule kwenye zile tani 31,000. Jaruba linalokaushwa na kujazwa maji, likakaushwa tena bila mpango, huwalisha sana bakteria hao. Baadhi ya gesi inayotoka ni oksidi ya nitrasi, ambayo kilo kwa kilo hupasha dunia joto takriban mara 270 kuliko hewa ya ukaa. Ukijumlisha hasara zote, katika majaruba mengi mpunga hupata asilimia 30 hadi 40 tu ya naitrojeni iliyomwagwa. Katika kilo zako 46, tuseme 14 hadi 18.

Dawa moja ni ya mikono. Bangladesh wapo wakulima wanaotumia urea iliyoshindiliwa kuwa gololi za gramu mbili au tatu. Gololi moja huzamishwa kwa vidole katikati ya mashina manne ya mpunga, kina cha sentimita 7 hadi 10, ndani ya lile tope la kijivu ambako amonia haigeuki nitrati. Mara moja tu kwa msimu, wiki moja hivi baada ya kupandikiza. Wanatumia urea pungufu kwa karibu theluthi na bado wanavuna zaidi. Ubaya wake ni mgongo: kuinama ekari nzima ukichomeka gololi moja moja si kazi ya kusimuliwa na mtu aliyeketi kitini kama mimi.

Nyingine ni ya macho. IRRI walieneza kadi ya plastiki yenye vipande vinne vya kijani, kuanzia cha manjano hadi cha kiza. Unaweka jani la juu kabisa lililofunguka juu ya kadi, ukilitilia kivuli kwa mwili wako, na kusoma rangi. Limepauka kuliko kipande kilichowekwa kwa mbegu yako, tia urea. Halijapauka, rudi nyumbani na mfuko wako. Neno muhimu hapo ni “kwa mbegu yako.” Zipo aina ambazo kijani chao cha afya ni chepesi kwa asili, na anayezipima kwa rangi ya SARO ya jirani atazivimbisha bure.

Je, wajua kwamba kuvu ya blasti inapenda shamba la kijani kibichi kuliko wewe? Naitrojeni ikizidi, majani huwa laini na yenye maji, mimea husongamana na umande hauondoki mapema. Madoa ya umbo la jicho, kijivu katikati na kahawia pembeni, hutokea ndani ya siku chache; yakifika shingo ya suke, suke zima huwa jeupe na tupu. Wadudu nao wana pua. Yule mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza utomvu shinani huzaana haraka zaidi kwenye mpunga ulioshiba urea. Indonesia ilimjua vizuri miaka ya 1970, na mwaka 1986 serikali ikapiga marufuku aina 57 za dawa za wadudu kwenye mpunga, baada ya kuonekana kwamba dawa hizo zilikuwa zikiwaua maadui wa mdudu kuliko mdudu mwenyewe.

Je, wajua kwamba siri ya ufupi wa IR8 ilijulikana miaka 36 baada ya mbegu kutolewa? Mwaka 2002 wanasayansi walilipata jeni lenyewe: limeharibika kidogo, na kwa uharibifu huo mmea hutengeneza jibarelini chache. Jibarelini ni homoni ya kurefusha bua, na iligunduliwa kwenye mpunga huo huo. Mwaka 1926 Mjapani Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba ugonjwa unaofanya miche irefuke ovyo hadi ianguke unasababishwa na kitu kinachotolewa na kuvu. Kitu hicho ndicho baadaye kilichoitwa jibarelini. Ugonjwa wa kurefuka na dawa ya kufupisha vimetoka mlango mmoja.

Lakini ufupi una gharama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 na wanasayansi wa China na Uingereza ulionyesha kwamba mbinu ile ile inayofupisha bua huufanya mpunga uwe mvivu wa kufyonza naitrojeni. Mbegu fupi husimama imara kwenye mbolea nyingi, na pia huihitaji nyingi. Walipata jeni jingine, GRF4, linaloweza kurudisha ulafi bila kurudisha urefu. Mwaka 2021 wengine, China, walieleza jeni linaloamua mpunga uchipue kiasi gani ukionja naitrojeni, na wakaona kwamba aina za zamani kutoka udongo maskini ndizo zenye toleo bora. Fikiria hilo unapoona mbegu ya bibi ikitupwa.

Azolla kwa ufupi, maana si wengi walio nayo: ni mmea mdogo unaoelea, na ndani ya majani yake hukaa bakteria wanaoweza kuikata ile naitrojeni ya hewani iliyoshikana. Wakulima wa China na Vietnam waliifuga kwenye majaruba muda mrefu kabla ya Haber. Inahitaji maji ya kudumu na fosforasi. Bila hivyo haikui.

Na la mwisho ni la mezani. Je, wajua kwamba urea inayotiwa kwa kuchelewa, karibu na kuchanua, haiongezi punje tena ila huongeza protini ndani ya mchele? Japani jambo hilo huwakosesha watu usingizi. Koshihikari, mbegu yao ya mwaka 1956 inayopendwa kuliko zote, hulala kirahisi, na mchele wake ukiwa na protini nyingi wali hupungua kunata na kuwa mgumu kidogo. Wajapani wanataka wali unate ili vijiti viushike, kwa hiyo mkulima anayetafuta bei nzuri huizuia naitrojeni ya mwisho, na mchele wake hupimwa protini kabla ya kuuzwa. Mpishi wa pilau la harusi Tanga, anayetaka kila punje ijitenge na mwenzake, angeuchukua ule mchele walioukataa.